Mkaguzi Asiye na Haraka

Mkaguzi wetu wa msaada wa serikali, hapa Winson Green, mtaa wetu wa ughaibuni, alikuwa mzito kama nini. Wenzake humaliza nyumba tatu yeye bado anapuliza chai. Tulimsema sana, hadi siku niliyomtafsiria jirani yangu Champa, mjane aliyefukuzwa Uganda mwaka wa 1972. Mwanamke akishukiwa kuishi na mwanamume, msaada hukatwa, na pale mlangoni palikuwa na viatu vikubwa vya kiume.

“Ni vya kutisha wezi tu, dada,” Champa alininong'oneza.

Kabla sijatafsiri, mkaguzi aliinama, akakiinua kimoja taratibu. Ndani mlikuwa na utando wa buibui. Akakirudisha kwa mikono miwili.

“Mwambie avifiche,” akasema. “Kesho anaweza kuja mwenzangu mwenye haraka.”