Kigari Kisichofika Bugomora

Niliondoka nyumbani Bugomora Jumatatu kwenda Kayanga, kuulizia spea ya mashine ya Mama ya kufumia masweta. Kigari kinachopita juu ya sindano kilikuwa kimevunjika, na shule ilikuwa imeshamletea nyuzi za masweta ya wanafunzi. Mimi ndiye niliyemshawishi aagize kingine nje ya nchi kupitia simu yangu. Kulikuwa na mjane wa Bweranyange aliyetaka kumuuzia mashine yake kuukuu. Nikamwambia, "Ya nini hiyo, Mama?"

Barabara ilikuwa tope tupu. Mara mbili nilishuka kwenye pikipiki tukaisukuma.

Saa tano nilifika Kayanga, kwa wakala wa mizigo, Mzee Salum, ambaye wazazi wake walitoka Tanga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mzigo wako umezuiliwa Dar es Salaam. Viwango vya ushuru vimebadilika mzigo ukiwa njiani."

"Lakini nililipa kila kitu!"

"Ulilipa bei na usafiri. Ushuru unakatwa siku mzigo unapoingia, si siku ulipoagiza."

Akanionyesha karatasi. Ushuru ulizidi bei ya kigari chenyewe.

"Nikishindwa?"

"Usaini kwamba umeuacha."

Nilimpigia Mama. Nikamsomea kiasi cha ushuru. Akasema, "Saini, mwanangu. Rudi nyumbani."

Nikasaini.

Alasiri nilipitia Bweranyange. Nilimkuta yule mjane akianua kahawa, kwa kuwa wingu lilikuwa limetanda. Nilimsaidia kukunja mikeka kabla sijamuuliza habari ya mashine.

"Fundi wa Igurwa ameichukua juzi," alisema. "Nilimsubiri mama yako mwezi mzima. Pole, mwanangu."

Jioni nilimkuta Mama sebuleni, anarudisha nyuzi kwenye magunia.

"Nisamehe, Mama."

"Umekula?" aliuliza, akanipakulia ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage. Yeye hakula.

Siku hizi mtu akitaka nimwagizie kitu cha nje, namwambia kwanza aende kwa wakala akaulize ushuru, na ajue kwamba hata jibu hilo linaweza kubadilika kabla mzigo haujafika. Wengine wananiona mwoga.

Siku iliyofuata safari ile ya Kayanga tulibeba magunia hadi shuleni. Mwalimu mkuu alimwambia Mama asijali, watatafuta fundi mwingine. Mama akaitikia, "Asante, Mwalimu," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.