Mvuke Mgongoni mwa Mama

Juzi nilipiga pasi sweta ya mwanangu kabla haijakauka, na mvuke ulipopanda nikakumbuka alasiri moja kwetu Kaplong.

Mvua ya mawe ilimkuta mama akichuma majani chai. Aliingia jikoni akitetemeka, akaupa moto mgongo. Harufu ya sweta yake ya sufu iliyolowa ilijaa jikoni, kisha nikaona moshi mweupe ukitoka mabegani mwake.

"Mama, unaungua!" Nilimrukia, nikampigapiga mgongoni kwa viganja.

"Wacha, Chebet! Ni maji tu yanatoka kwa nguo."

Sikumwamini. Leo najua maji yakipata joto hupanda, lakini maji niliyoyajua wakati huo yalishuka tu. Nililia nikingoja ageuke majivu. Mama alinivuta, akalaza shavu langu begani pake. Palikuwa na maji, na hapakuchoma.