Nimemkumbatia mama mkwe nikidhani naota

Marafiki, leo nimemkumbatia mama mkwe.

Na sisi Wakisii tunajuana: mkwe hata mkono humpi.

Siku hizi najifunza kutambua kwamba naota nikiwa bado ndotoni. Ukiona jambo la ajabu, unabana pua na kuvuta pumzi. Hewa ikiingia hata hivyo, hiyo ni ndoto, fanya unachotaka.

Sasa leo nimetoka kanisani, nikasinzia kwenye kochi. Kufungua macho, mama mkwe ameketi mbele yangu. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga nyumba hii!

Nikabana pua. Hewa ikaingia.

Nikaruka nikamkumbatia kwa nguvu zote. "Mama! Karibu!"

Akakakamaa. Mke wangu akatokea jikoni na chai: "Baba Kerubo! Umerukwa na akili?"

Kumbe nina mafua. Nilikuwa nimeachama mdomo, hewa ilipitia huko.

Mama mkwe nimemwacha akiangalia sakafu tu.

Mimi nimejificha huku kwa migomba. Mnaojua, msamaha wa hili unaombwaje?

Nimebana pua tena, na mdomo nimeufunga kabisa.

Hewa haiingii.