Jeni, Jini na Moyo wa Mama

Kazi yangu ni moyo. Sisemi mapenzi, huko nimefeli kama wenzangu wengi. Nafanya utafiti katika maabara moja Nairobi, juu ya namna seli za moyo zinavyofunga na kufungua jeni zake, na ukinichokoza nitakueleza mpaka chai ipoe na uanze kutafuta koti lako. Kwa hiyo mama yangu alipougua moyo, ukoo mzima ulimshukuru Mungu kwamba kuna mtu wetu aliyelisomea jambo lenyewe.

Mama anaishi Manga, kijijini kwetu milimani, na majani chai yake anachuma mwenyewe. Presha alikuwa nayo kwa miaka mingi, akaificha vizuri sana, ingawa ile methali ya mficha maradhi ni yeye aliyenifundisha. Miguu ilipoanza kuvimba, na kupanda kutoka shambani hadi nyumbani kukamlazimu kukaa chini njiani, nikampeleka Kisii mjini. Daktari alikuwa mgeni, Kiswahili chake safi, Ekegusii, lugha yetu, hajui hata salamu. Alisema moyo umetanuka, akaandika vidonge vya kumeza kila siku, kisha akamwambia mama, "Mengine atakueleza binti yako. Yeye ndiye mtaalamu." Nilifurahi kupita kiasi.

Nikamweleza kwa Ekegusii, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje. Nikamwambia ndani ya kila seli kuna uzi mrefu mno, umezungushwa kwenye vibonge vidogo vya protini, kama uzi wake wa kufumia vitambaa vya makochi. Uzi ukibana, jeni za mahali pale zimefungwa, hazifanyi kazi. Ukilegea, zimefunguka. Mtoto akiwa tumboni moyo wake hutumia jeni za kitoto. Akishazaliwa nyingi hufungwa, zikafunguliwa za mtu mzima. Lakini presha ikiusukuma moyo miaka na miaka, uzi hupangwa upya, na zile za utotoni hufunguka tena. Basi moyo wa bibi mwenye wajukuu unafanya kazi kwa maagizo ya mtoto ambaye hajazaliwa. Unanenepa, unatanuka, mwisho unachoka. Ekegusii hakina neno la jeni, au kama lipo halikunifikia, kwa hiyo nililiacha vivyo hivyo. Mama hakunikatiza hata mara moja. Nikarudi Nairobi nikijipongeza.

Wiki chache baadaye nilimpigia simu nikamsikia anahema kama aliyekimbia.

"Mama, unameza dawa?"

"Za nini? Dawa ya hospitali haitoi jini."

Nilifika Manga kesho yake. Kumbe yote niliyosema yalikuwa yamefika salama, isipokuwa herufi moja. Mama alikuwa ameelewa kwamba moyoni mwake mna majini, ya tangu tumboni, yaliyofungwa alipozaliwa na sasa yamefunguliwa na presha. Aliyemwambia si mganga, ni binti yake mwenyewe, msomi, mbele ya hospitali. Nani angebisha? Akina mama wa kanisa walikuwa wameshakuja kumwombea, na mmoja wao alitikisa kichwa akasema kikulacho ki nguoni mwako. Mama akaacha vidonge, akaanza kufunga na kuomba. Kilichomsumbua tu ni kwamba majini ni mambo ya Mombasa, na yeye hajawahi kuvuka Nakuru. Hata alikuwa ameteremka mjini kumuuliza Mwislamu mmoja anayemuuzia uzi.

"Nilimwambia, wewe ni mtu ya Islamu, hii jini inatolewanga aje?"

"Akasemaje?"

"Eti, 'Mama, mimi nimezaliwa hapa hapa Kisii. Jini naona kwa TV tu, kama wewe.'"

Ningecheka, kama nisingekuwa natazama miguu yake. Ngozi ilikuwa inang'aa kwa uvimbe. Niliogopa. Niliogopa kwamba mama yangu atakufa kwa sababu ya irabu.

"Mama, si jini. Ni jeni. Je-ni."

"Ndiyo. Jini."

"Si pepo! Ni kitu cha mwili, kama damu. Kila mtu anazo. Ulizaliwa nazo, na ukatupa sisi watoto wako wote."

Sijui ni chuo gani kingenifundisha sentensi mbaya kuliko hiyo. Mama aliweka kikombe chini.

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Lakini zangu zimefungwa."

"Nani alizifunga?"

Kusema kweli, hata sisi maabarani tunajua nusunusu tu.

Mama alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu augue alikuwa ananihurumia mimi, si yeye. "Nitameza vidonge vyako," alisema. "Lakini wewe kwanza, piga magoti."

Nilipiga magoti pale kwenye simiti, mimi na shahada zangu. Aliniwekea mkono kifuani, mkono mzito wa mchuma chai, akaomba kwa pumzi fupifupi, akikatiza katikati ili apate hewa. Alimwomba Mungu kwamba zilizofungwa ndani yangu zibaki zimefungwa, na za ndugu zangu pia, nisije nami nikapanda mlima nikihema. Ni ombi lile lile ambalo maabara yetu huwaandikia wafadhili, kwa maneno mengi zaidi. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

"Amina," nikasema, kwa sauti. Wala sikuinuka mpaka niliposikia amemeza vidonge.