Maji Chini ya Mawese

Katika karakana yangu ya sabuni hapa Kalemie kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni mizani, ninayoifuta vumbi kila asubuhi. Cha pili ni ulimi wa mama mmoja mjane, mkubwa kwangu kwa miaka michache, ambaye ananikorogea sabuni tangu siku nilipoanza kazi. Kabla sabuni haijatoka nje, hukata kipande kidogo, hukigusisha kwenye ncha ya ulimi, hufumba macho, halafu husema neno moja kati ya mawili: “Imelala,” au “Inauma.” Imelala maana yake sode, ile chembechembe nyeupe kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, imeliwa yote na mafuta. Inauma maana yake imebaki, nayo itatafuta kitu kingine cha kula.

Kwa miaka mingi niliuvumilia ulimi ule kwa heshima tu. Kazi hii nilijifundisha mwenyewe katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, nilichokipata sokoni kati ya vyombo vya mtu aliyekuwa akihama, na nilikisoma neno kwa neno nikiwa na kamusi mkononi. Kitabu kilinieleza kwamba kilo moja ya mawese hula sode ya kiasi fulani, haizidi. Ukijua uzito wa mafuta, umejua uzito wa sode. Niliona kwamba ulimi ulikuwa wa watu wasiokuwa na mizani.

Mawese yangu hutoka upande wa Kongolo kwa treni. Sode hutoka ng'ambo ya ziwa, Kigoma, kwa boti. Treni ikikwama sina mafuta, ziwa likichafuka sina sode. Watu hufikiri mshindani wangu ni zile sabuni za kiwanda zenye karatasi ya kumetameta. Sivyo. Mshindani wangu ni sufuria. Mafuta ninayotaka kuyafanya sabuni ndiyo ambayo mama wa nyumbani anataka kuyamimina kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, na treni ikikosekana wiki mbili, sufuria hushinda, kwa sababu hakuna anayeacha kula ili apate kuoga. Kwangu hufika yale ambayo jiko limeyakataa: machungu, yaliyozeeka, ya mwisho wa pipa. Sabuni haijali. Mafuta machungu hutoa povu sawa na matamu. Hata mabaki mengine hayatupwi: kokwa za ngazi, yaani matunda ya mchikichi, hukamuliwa mafuta meupe, maganda yake huchukuliwa na wahunzi, na fundi wa baiskeli jirani yangu huja kuomba masimbi, mashapo ya chini ya dumu tunaloliita bidoni, alainishe minyororo. Kazi yangu inasimama juu ya mafuta yaliyokataliwa. Sikuwahi kujiuliza ni kwa sababu gani mengine yalikataliwa.

Kiangazi kile treni haikuja. Ulikuwa wakati wa baridi ya asubuhi, ambapo mawese huganda ndani ya bidoni na kuwa kama siagi. Mama mmoja nisiyemjua alishuka kwenye gari la mizigo na bidoni sita, na mimi nilikuwa sina hata tone. Nilichukua kijiko changu cha kupimia. Njia yetu ni rahisi: unachota mafuta kidogo, unayaweka juu ya mbabula, jiko la makaa. Yenye maji hulia na kurukaruka. Yasiyo na maji hunyamaza. Nilichota juu, yakanyamaza. Nikataka kusukuma kijiti mpaka chini, kikagoma katikati ya mafuta yaliyoganda.

“Papa, unachimba almasi?” alisema yule mama. Wabebaji waliokuwa wamekaa juu ya magunia wakacheka.

“Nataka kuona ya chini, Mama.”

“Ya chini njo ndugu ya ya juu! Tumbo moja. Kama unataka kuyaona, keti nayo kwenye jua mpaka mangaribi, lakini mimi gari inaniacha. Kuna bantu tatu pale wanayangojea.”

Niliona haya. Nikapima uzito wa kila bidoni, nikaandika, nikalipa. Kwa uzito hapakuwa na kasoro. Maji nayo yana uzito, lakini siku ile hilo halikunijia.

Mama wa kukoroga hakuwapo. Alikuwa kwenye matanga ya shemeji yake, na desturi haikumruhusu kushika kazi mpaka siku za kulala chini ziishe. Nilikoroga mwenyewe. Niliziyeyusha bidoni nne kwa kuzisimamisha ndani ya maji ya moto, nikamimina yote pamoja, nikaongeza sode niliyoipima mpaka gramu ya mwisho. Sabuni ilishika. Nilikuwa na fahari nayo.

Siku ya sita, sabuni ikiwa bado kwenye ubao wa kukaushia, simu ilitoka Niemba, kwa wakwe zetu. Binti yetu, mzaliwa wetu wa kwanza, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mjukuu wa kwanza. Katika ukoo wetu, maji ya kumwogeshea mtoto ni ya upande wa baba yake, lakini sabuni ni ya baba wa mzazi. Lazima itoke mkononi mwake. Baba yangu mkwe alituletea miche miwili wakati binti yetu alipozaliwa, sabuni ya dukani, akaomba radhi kwamba haikuwa zaidi. Mimi nilikuwa mtengeneza sabuni. Unaelewa nilivyojisikia.

Sheria yangu mwenyewe, niliyoiandika kwa chaki ukutani, inasema sabuni hukaa ubaoni wiki nne. Nilichukua miche sita ya siku sita. Nilichagua iliyonyooka, nikaikwangua kingo ziwe laini kwa ajili ya mtoto, nikaifunga kwa karatasi safi.

Mke wangu alikuwa anafunga mizigo. Aliipokea, akaigeuza mkononi.

“Mama ameilamba?”

“Imepimwa,” nilisema.

Halikuwa jibu la swali lake. Alinitazama kidogo, akaitia kwenye kikapu, akapanda pikipiki.

Kesho yake asubuhi mjane alirudi, bado na kitambaa cha kilio kichwani. Aliniamkia, akazunguka ubao mara moja, akasimama.

“Papa, sabuni hii inatoka jasho.”

“Ni baridi ya alfajiri.”

“Baridi gani?” Alikata kipande, akakigusisha ulimini. Hakufumba macho. Alitema chini, akatema tena, akakimbilia mtungi akasukutua mpaka maji yakamlowesha kifua. Alipogeuka, ncha ya ulimi wake ilikuwa nyeupe. “Hii haiumi,” alisema. “Hii inakula muntu. Umeifanya na nini?”

Nilichukua bizari ya manjano, ambayo kitabu kinasema hubadilika rangi ikikutana na sode. Sabuni nzuri huigeuza polepole, ikawa kama udongo. Nilipoitia kwenye jasho la mche ule, iligeuka papo hapo ikawa nyekundu kama kidonda.

Zilikuwa zimebaki bidoni mbili. Nilichukua panga nikaipasua moja kutoka juu mpaka chini. Mafuta yalikuwa yamesimama mekundu, mazuri, na chini yake, kina cha kiganja kizima, maji yenye weupe wa wanga yalimwagika juu ya miguu yangu. Nilipiga hesabu pale pale, kwa sababu ndivyo kichwa changu kinavyofanya hata kikiwa na hofu. Sehemu ya tano ya nilichokiita mafuta ilikuwa maji. Sode iliyokuwa ya sehemu hiyo haikupata cha kula. Ilikuwa ndani ya sabuni, nzima, inangoja.

“Na ile ya mutoto?” mjane aliuliza.

Kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto nina kovu la mviringo, la tone moja la sode la mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Ngozi ile ilikuwa ya mwanamume mzima aliyepasua kuni. Na katika kitabu kuna ukurasa juu ya macho, nilioutafsiri taratibu kwa kamusi. Unasema sode ikiingia jichoni haisimami juu, huendelea kuzama. Nilikuwa nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kama msomaji. Asubuhi ile ulinijia wote, bila kamusi.

Nilipiga simu ya mke wangu. Nilipiga ya binti yangu. Niemba mtandao hupatikana kwa kupanda kilima kidogo, na hakuna anayepanda kilima akiwa na mtoto mchanga. Yule mwanamke wa mashine alinijibu kwa Kifaransa, kwa adabu ile ile, mara tisa.

Mjane alikuwa ameshanitafutia motari, dereva wa pikipiki. “Mke wako atakuwa amefika jana jioni,” alisema. “Kwa baridi hii hawawezi kuogesha mutoto asubuhi. Watangoja jua. Nenda.”

Nilishika neno hilo, watangoja jua, kwa njia nzima. Jua lilikuwa linapanda mbele ya macho yangu. Barabara ile watu huiogopa kwa sababu nyingine, watu wenye bunduki. Kuna siku watu hawaipiti, na kuna sehemu ambapo kila motari hunyamaza. Mimi sikuogopa vichaka. Niliogopa vivuli vya miti, kwa kuwa vilikuwa vinafupika. Kwenye kizuizi kimoja askari alitaka kujua ndani ya mfuko wangu kuna nini. Kulikuwa na chupa ya siki, ya kutuliza sode, na mche mmoja wa sabuni ya zamani, ulioiva.

“Unakimbia wapi na sabuni, Papa? Niemba hawaogi?”

Motari alicheka. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba mjukuu wangu anaogeshwa leo na sabuni niliyompa ni sumu. Askari aliinua kamba.

Pikipiki ilipasuka gurudumu mara moja. Motari aliliziba huku nikihesabu pumzi zangu, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuhesabu. Sala niliyoikumbuka ilikuwa ya utotoni, ya kabla ya kulala. Niliisali hiyo.

Tulipofika jua lilikuwa limeanza tu kupita utosi. Niliruka kabla pikipiki haijasimama. Katikati ya ua kulikuwa na beseni la maji lililowekwa juani lipate joto. Kando yake kigoda, kitambaa kipya kilichokunjwa, na juu ya kitambaa mche wangu, kingo zake zikiwa zimekwanguliwa vizuri. Uani hapakuwa na mtu. Sikujua kama ilikuwa kabla au baada. Niliingiza mkono ndani ya beseni nikaunusa, kama mjinga, kana kwamba maji yangeniambia.

“Papa?”

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwa matambara, na matambara yalikuwa mekundu.

“Ni mawese,” alisema haraka. “Ni mawese tu, nimejipaka. Nilianza na nepi, tangu asubuhi. Vidole vikaanza kuwaka, nikafikiri ni maji ya huku. Halafu ngozi ikatoka.”

“Mtoto?”

“Ananyonya.”

“Umemwogesha?”

“Na mikono gani?” alisema. “Tulikuwa tunangoja bibi wa upande wa pili atoke shamba. Yeye njo angemuogesha.”

Huyo bibi alikuwa anaingia uani wakati ule ule, jembe begani, akinisalimu kwa shangwe: baba wa mzazi amekuja mwenyewe, hata sabuni peke yake haikumtosha! Niliuchukua mche kwenye kitambaa. Nikaingia ndani nikachukua ile minne iliyokuwa kwenye kikapu. Wa sita ulikuwa kwenye karai la nepi, umelika nusu. Niliuchukua nao. Nikamwaga karai mbali, upande usio na kuku, na mikono ya mke wangu nikaiosha kwa maji mengi, halafu nikatia siki kidogo, naye akauma meno.

“Nilikuuliza,” alisema, bila kupaza sauti. “Nilikuuliza kama Mama ameilamba.”

“Uliniuliza.”

“Ukaniambia imepimwa.”

Binti yangu alikuwa ametoka, mtoto amefunikwa kifuani, na alikuwa anatutazama. Nilitaka kueleza: maji, uzito, mafuta yaliyoganda, sehemu ya tano. Maelezo yote yalikuwa sahihi. Badala yake niliukata mche kwa kisu, nikakiweka kipande ulimini mwangu, mbele yao. Katika miaka yote ya kazi hii sikuwahi kufanya hivyo.

Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu ilikuwa kama msumari wa moto unaoingia polepole, na mate hayakuusaidia, yaliusambaza. Machozi yalitoka. Nikakaza midomo mpaka nilipokuwa nimejua vizuri nilichomtumia mtoto yule, ndipo nikatema. Mke wangu ndiye aliyenipa maji, kwa mikono ile.

Siku ile mtoto aliogeshwa kwa maji matupu. Bibi wa upande wa pili alishangaa, lakini alikubali. Ule mche ulioiva nilioubeba ulibaki mfukoni. Hakuna aliyeuomba, nami sikuthubutu kuutoa.

Sabuni ile niliichemsha upya, nikiiongezea mafuta mazuri mpaka mjane aliposema, “Imelala.” Nilimwomba arudie. Alirudia. Kisha nikalamba mimi, na bado nikaiacha ubaoni wiki nane. Sasa kila bidoni inayofika kiangazi hukaa juani kwangu mpaka iyeyuke, wachuuzi wakasirike wasikasirike. Mizani yangu bado naifuta vumbi kila asubuhi. Mjukuu wangu ana meno sasa, na akija Kalemie hupenda kukalia kizingiti cha karakana. Nikimwona ananyoosha mkono kuelekea ubaoni, hata kama sabuni imelala mwezi mzima, ulimi wangu huwaka.