Hoteli Yenye Kikombe

Baba yangu aliacha kula mwaka ule mvua zilipochelewa, miaka ya hamsini ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Alikuwa amerudi kutoka Geita, alikochimba dhahabu katika mgodi wa Wazungu tangu mimi sijajua kutembea, akarudi na kifua kisichomwacha alale. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi mpaka adhuhuri kwa miguu kutoka Shinyanga mjini. Nilikuwa nimeolewa kijiji cha jirani, na mume wangu aliniruhusu nije kumsaidia mama kumuuguza.

Ugali wa mtama aliusukuma. Uji aliuacha ukaganda. Mama alichinja kuku aliyekuwa akitaga. Baba akanywa mchuzi vijiko viwili, akageukia ukutani. Dresa, yule mhudumu wa zahanati, alipokuja alimpapasa mbavu, kisha akaniita nje.

"Dawa ninayo," alisema, "lakini mwili huu hauna cha kushikia dawa. Asipokula wiki hii, msihangaike kunitumia mtu."

Nilirudi ndani nikapiga magoti. "Baba, sema chochote. Roho yako inataka nini?"

Aligeuka kutoka ukutani akanitazama. Halafu akasema, "Sato wa hoteli yenye kikombe."

Hoteli hiyo sote tuliijua kwa masimulizi. Kila alipokuja likizo, baba alituhadithia. Ilikuwa Geita, karibu na mgodi, na mwenyewe alikuwa mpishi mmoja kutoka Ujiji. Huyo mpishi aliwahi kuja kushindana kwenye maonyesho ya Shinyanga, akawashinda wapishi wa reli na wapishi wa majumba ya Wazungu, na Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, akamkabidhi kikombe cha fedha mbele ya watu. Kikombe alikiweka juu ya mlango wa hoteli. Meza zilikuwa na vitambaa, sahani zilikuwa na maua. Na huyo sato! Amekaushwa kwa moshi, akapikwa kwa karanga na samli, akatiwa ukwaju kidogo mwishoni. "Mtu akila pale," baba alikuwa akisema, "hana haraka ya kunawa mikono."

Geita ilikuwa mbali mno: treni mpaka Mwanza, kisha kuvuka ziwa. Lakini mashindano yalifanyika Shinyanga, nikajiambia hatakosekana mtu anayemjua mpishi yule.

"Mayu," mama aliniambia, kama tunavyomwita binti kwa upendo huku kwetu, "baba yako anakata roho, wewe unakwenda kutafuta kitoweo?"

"Nikikaa hapa nitamtazama tu akifa," nikamjibu. Nikatoka kabla sijalia.

Hoteli ya kwanza mjini ilikuwa karibu na stesheni, na kutoka barabarani niliona kikombe kimesimama kwenye rafu. Niliingia mbio. Mwenye hoteli alicheka hadi tumbo likatikisika. "Hicho cha mpira, dada. Vijana wetu waliwafunga wa Tabora." Hoteli ya pili, nyuma ya maduka ya Wahindi, ilikuwa na karatasi ukutani ndani ya kioo, yenye muhuri mwekundu. Sikujua kusoma. Nilimwomba mteja mmoja anisomee, akasoma taratibu huku anatafuna: ilikuwa ya pamba bora. Ya tatu walinifukuza kwa sababu nauliza wala sinunui. Ya nne mpishi aliapa kwamba hakuna sato kumshinda wake, nikaonja kidogo, alikuwa na mchanga.

Alasiri nilikaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, nikalia bila kujali watu. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akikaanga vitumbua ng'ambo ya barabara akaacha kikaango chake akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Bado," nikasema, na hapo ndipo nilipolia vizuri.

Nilipomweleza, alikaa kando yangu. "Yule Mjiji namjua. Siku ile mimi nilipeleka pilau, nikawa wa pili. Nilimchukia mwezi mzima, lakini alinishinda kwa haki." Kisha akaniambia: hoteli ya Geita haikuwepo tena. Mwenyewe alikuwa ameifunga, akaenda Mwadui kupikia wafanyakazi wa almasi.

Nililala kwake. Asubuhi alinipeleka kwa dereva wa lori la unga, akamwambia, "Huyu mwanangu, mfikishe."

Kule Mwadui kulikuwa na uzio na geti, na asiye na kibali haingii. Askari wa getini, Msukuma mwenzangu, aliitikia salamu yangu ya mwangaluka kwa upole, akapeleka salamu zangu ndani. Jibu halikuja. Jua lilipanda, kivuli cha geti kikaisha. Nilifikiri: huenda sasa hivi baba wanamkunja miguu wamzike, na mimi nimesimama kwenye uzio wa watu naomba samaki. Wazimu ukanipanda. Kila aliyetoka nilimpigia kelele, "Niitie mpishi wa Ujiji! Mpishi wa kikombe!" Watu walicheka. Nikaendelea mpaka sauti ikakauka.

Alitoka saa za alasiri, mtu mfupi, aproni yake imejaa madoa ya binzari, anatembea kwa hasira. "Ni nani anayenitangaza kama mnada?"

Nilipiga magoti mchangani. Nikamtajia baba, kazi yake mgodini, kovu lake juu ya jicho, na ule wimbo aliokuwa akiupiga kwa mluzi. Hasira ikamtoka usoni.

"Namkumbuka," alisema. "Simama, dada. Namkumbuka sana. Lakini baba yako hakuwahi kula kwangu."

Nilidhani sikusikia.

"Wenzake walikuwa wakiingia siku ya mshahara. Yeye anabaki mlangoni, anapiga soga nami, anauliza nimetia nini leo, karanga nimezisaga vipi. Nikimwambia karibu, anasema, 'Nyumbani kuna watu.' Siku moja nilimwekea sahani ya bure, akakasirika, hakuja wiki mbili."

Mambo yote aliyotuhadithia, vitambaa, sahani zenye maua, mchuzi kwenye vidole, aliyatazama akiwa mlangoni.

Mpishi alirudi ndani akaniletea sato mmoja mkavu, mkubwa kama kigae cha paa, na fundo la ukwaju. Akanifundisha pale pale tukiwa tumesimama, akinirudisha nyuma kila nilipokosea: karanga zikaangwe kidogo tu, zisagwe mara mbili, samli itangulie kitunguu, samaki asikorogwe. "Nikiharibu je?" nilimuuliza.

"Utaharibu kwa nani?" alisema. "Hajui ladha yake. Nenda."

Getini askari aliniomba radhi, akamfungua samaki, akamvunja vipande akichungulia ndani ya mifupa, maana almasi ilikuwa ikitoka kwa njia nyingi. Nilikusanya vipande kwenye kanga, hata makombo.

Nilifika nyumbani siku ya tatu mchana. Baba alikuwa hai. Macho yalikuwa yameingia ndani, na mama alinisogezea kinu. Nilipika kama nilivyofundishwa. Karanga nilizisaga mara mbili. Samaki sikumkoroga.

Nilipompelekea, alinusa kwanza kwa muda mrefu. Kisha akamega tonge dogo, akachovya, akatafuna huku amefumba macho.

"Ndiye huyu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Wewe umekula?"

"Nitakula na mama jikoni."

"Kaa hapa."

Kwetu wanaume hula uani kwenye shikome, penye moto wao, na wanawake hula jikoni. Nilikuwa sijawahi maishani kutia mkono kwenye sahani moja na baba yangu. Siku ile nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, tukala pamoja. Alikula matonge manne. Alinisogezea nyama ya kichwa, ile ambayo kila mtu huitaka mwenyewe.

Alikula siku tatu. Dresa alirudi na dawa yake, tukaanza kuzungumza kana kwamba mambo yatakuwa mazuri. Siku ya nne alikataa hata maji, na wiki ile haikuisha. Mvua ilinyesha siku moja baada ya mazishi.

Matanga yalipokwisha, mama aliniuliza tukipepeta mtama, "Alikuwa ameahidi kunipeleka Geita nikamle huyo samaki. Kweli ulimpika kama wa kule?"

Ningeweza kumwambia kwamba baba aliishia mlangoni. "Kama wa kule kabisa," nikasema.

"Basi nipikie na mimi."

Nikaenda stesheni kutafuta sato, nikampikia. Alikula polepole, akamaliza yote, akafuta sahani kwa kidole.

"Samli imezidi," akasema, kama mtu aliyewahi kula kule.