Nilichokifuta Kwenye Kitabu cha Sekunde

Sitaki kuwazungusha. Kuna binti alitaka kujua jambo moja tu: baba yake alisema nini juu ya kitabu chake. Jibu lilikuwepo. Liliandikwa kwa penseli, likaletwa mpaka mezani kwangu, nami nikalifuta kwa raba. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, nikiwa na akili timamu na hasira zimenipanda.

Nina kibanda cha kuazimisha vitabu. Sina vya shule, wala vile vya kumfanya mtu aonekane msomi. Nina vile ambavyo watu huvisoma wamejifungia ndani: riwaya za upelelezi, hadithi za mizimu, za wivu na mapenzi, za watu wanaohamia kwenye nyota, na vibonzo, rafu mbili nzima za vibonzo. Mkabala na mimi, ng'ambo ya njia, palikuwa na meza ya Fundi Saa. Meza ndogo yenye kioo juu, taa ya kukunja shingo, kibano, na kile kioo cha kubana jichoni ambacho alikisahau usoni hata akienda kununua chai. Saa za mkononi watu walikuwa wameanza kuziacha, wanatazama simu. Kazi ilipungua, na Fundi akawa na muda mwingi. Huo muda wote aliumalizia kwenye vitabu vyangu.

Msomaji kama yule sijapata kumwona, na Mungu anisamehe, nilikuwa namwona kero. Kwa sababu Fundi hakuweza kusoma kitabu akanyamaza. Kila alichokimaliza alikiandikia maoni kwenye ukurasa mweupe wa mwisho, kwa herufi ndogo mno, mkono mwepesi wa mtu aliyezoea kugusa vitu vinavyovunjika.

"Fundi, hivi ni vitabu vya watu, si ukuta wa choo cha stendi!" nilikuwa nikimfokea.

"Ndiyo maana naandika kwa penseli, mama. Wewe futa, mimi niandike. Kila mtu na riziki yake."

Basi nikanunua raba, kubwa, ile nyeupe. Yeye akanibatiza Mama Raba, na jina likashika mtaa mzima. Mpaka mjukuu wangu ananiita Bibi Raba.

Lakini maoni yake, jamani! Mengine niliyafuta huku nacheka peke yangu. Kwenye hadithi moja ya mizimu aliandika: "Mzimu huyu hutokea kila umeme ukikatika. Mtaani kwetu angekuwa na ajira ya kudumu." Kwenye kibonzo cha shujaa anayeruka juu ya maghorofa: "Mchoraji hajui kuchora vidole, ndiyo maana watu wote wameweka mikono mifukoni, hata anayezama mtoni." Riwaya mpya za upelelezi ndizo zilimchosha kabisa. "Zamani mpelelezi alikuwa na kofia," aliniambia siku moja, kioo chake kiko jichoni, "siku hizi ana talaka. Kurasa mia mbili anamlilia mke, kurasa tatu anamkamata muuaji. Sasa mimi nimeazima kitabu cha maiti au cha ndoa?" Nikamwambia kama anaona rahisi aandike chake. Akasema yeye ni msomaji, na kusoma nako ni kazi, tena wanaoiweza ni wachache.

Na katika vibonzo kulikuwa na kitu alichokitafuta kwanza kabla ya hadithi yenyewe: saa. Saa ya ukutani, ya mkononi, ya kwenye mnara. Akizikuta zimekosewa, kitabu kimekwisha. "Maneno yanasema saa nne asubuhi, ukutani ni saa tisa na nusu, na kivuli cha mti kinasema jioni. Nimwamini nani?" Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema kitabu ni kizuri. Neno hilo hakuwa nalo. Ila mara moja moja, labda mara tatu, aliandika mstari mmoja: "Saa ziko sawa." Kwa Fundi hiyo ilikuwa ndiyo medali.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Mama yake alifariki binti akiwa hajaota meno ya pili, na Fundi akamlea hapo hapo mezani, katikati ya springi na magurudumu ya saa. Akimchosha, alimvusha njia kuja kukaa chini ya rafu zangu na vibonzo. Mtoto hatulii, hatulii, leo yupo huku, ukigeuka yupo kule. Baba yake akamwita Sekunde. Alimfundisha kusoma kwa vibonzo na kuhesabu kwa saa, na alipoanza kuchora alimkalisha juu ya ndoo akamwambia, "Chora unachotaka, lakini mshale wa saa usiutupe tu. Mshale ukikaa vibaya unamdanganya mtu aliye njiani."

Alipokua wakagombana. Fundi alitaka amrithishe meza, yeye akataka kwenda kuchora vibonzo mji mwingine. Tulisikia wote. "Ukivuka njia hii kwenda kuchora vikaragosi, usirudi kuniambia una njaa!" Binti akavuka. Miaka sita hawakupigiana simu, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze. Vichwa ni vile vile viwili, ungedhani vimetoka kwenye kalibu moja.

Mwaka jana nikaletewa vibonzo vipya. Kimoja kilikuwa cha msichana anayekarabati wakati: jiji limesimama dakika moja, na yeye anapita nyumba kwa nyumba kuwaamsha watu. Jina la mchoraji sikulitazama, mimi huwa natazama jalada kama lina damu au busu. Fundi alikitoa rafuni, akalisoma jalada, akalirudia tena. Kisha akaondoka nacho bila hata kunitania.

Mtu anayemaliza kitabu kwa siku mbili alikaa nacho wiki mbili. Nilimwona mezani, taa imewaka mchana kweupe, kioo jichoni, anakagua ukurasa mmoja mmoja kama anatafuta kutu.

Siku aliyokirudisha ndiyo siku mbaya. Asubuhi ile mteja wangu, mshona mapazia, alikuwa amenitupia riwaya mezani kwa sababu Fundi alikuwa ameandika mwishoni nani muuaji na kwa nini ni upuuzi kuwa ndiye. Hilo la Fundi lilikuwa limenipita bila kulifuta. Mama yule alikuwa amefungua nyuma kwanza, maana kuna watu hufungua kitabu kama samaki, kuanzia mkiani. Akaapa hakanyagi tena kwangu. Nikawa nimefura.

Fundi akaja, akaweka kibonzo mbele yangu. "Hiki usikifute, Mama Raba."

Sasa mniambie ningejuaje! Kila kitabu alisema hivyo. Kila kimoja, miaka yote, ndio ulikuwa utani wetu: yeye "hiki usikifute," mimi nachukua raba mbele ya macho yake. Lakini siku ile hakucheka. Alisimama pale. Akarudia, pole pole, "Hiki usikifute." Nikamjibu, "Toka hapa na uchafu wako." Akavuka njia kurudi mezani kwake.

Nikafungua nyuma. Ukurasa umejaa kuanzia juu mpaka chini, haijapata kutokea. Nikazidi kuwaka. Mimi hufuta kuanzia chini kwenda juu, ili mkono usichafue karatasi. Nikafuta sisomi, nafuta tu, natukana na kufuta. Ulipobaki mstari wa juu kabisa, wa kwanza, jicho likauangukia: "Saa zote ziko sawa." Nikaona ni yale yale. Nikaufuta na wenyewe.

Wiki tatu baadaye Fundi alikutwa ameangukia juu ya meza yake, na siku ya pili akafia hospitali. Moyo.

Binti alifika kwa mazishi. Kesho yake asubuhi akaja kibandani, mwembamba, ana wino kwenye kucha. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana."

Akaniambia kuwa Fundi Viatu, ambaye meza yake iko kando ya ile ya marehemu, amempa maneno ya baba yake. Baba yake alikuwa amemwambia Fundi Viatu: "Nimemjibu Sekunde. Nimemwandikia kwenye kitabu chake, kipo kwa Mama Raba. Siku akija mtaani hawezi kupita bila kuingia pale, atakikuta." Kumpigia simu alishindwa, ule ugumu wake. Akaona aandike mahali ambapo binti angefika kwa miguu yake mwenyewe.

"Kipo?" akaniuliza. Alikuwa anajaribu kutabasamu. "Alikiponda sana?"

Nilikitoa rafuni. Kwenye jalada, chini ya picha, ndipo niliposoma kwa mara ya kwanza: Sekunde. Akafungua nyuma. Ukurasa mweupe. Akakifungua mbele, akarudi nyuma. Akauinua ukurasa kwenye mwanga. Ule mkono mwepesi wa baba yake haukuwa umeacha hata alama.

Ningeweza kumdanganya. Ulimi ulikuwa tayari: alisema ni kizuri, alisema anajivunia. Lakini yule ni mtoto wa Fundi, angejua hapo hapo kwamba baba yake hakuwa na maneno hayo.

"Nilifuta, mwanangu. Sikujua. Ulikuwa umejaa ukurasa mzima na sikusoma. Nilisoma mstari mmoja tu, wa kwanza."

"Unasemaje?"

"Saa zote ziko sawa."

Akakaa chini ya rafu, pale pale alipokuwa akikaa utotoni, na akalia kwa sauti. "Ziko thelathini na moja," akasema baadaye. "Nilizijaza makusudi kila chumba. Nilijua akikishika atazikagua zote, hawezi kujizuia." Akafuta pua kwa kiganja. "Na baada ya huo mstari?"

"Sijui."

"Hata neno moja, mama?"

"Sijui, mwanangu. Nisamehe. Sijui."

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja na mizigo yake yote, akahamia.

Nilimpa kitabu. Hakuondoka. Alikuwa anatazama mezani, kando ya chai yangu, ilipokuwa ile raba. Upande mmoja bado mweupe, upande mwingine umekuwa mweusi ti kwa penseli ya baba yake.

"Ulifutia hiyo?"

"Hiyo hiyo."

Aliichukua, akaizungusha pole pole vidoleni kama baba yake alivyokuwa akizungusha saa mbovu. Akaifunga kwenye leso, akaitia mkobani pamoja na kitabu, akaaga, akavuka njia.

Sijanunua nyingine. Jioni nikipokea vitabu bado nafungua nyuma kwanza, mazoea, na kurasa zote ni safi.